Mtungi au gesi ya bomba Mtwara: linganisheni hivi kabla ya kuhama

Mdau ameuliza kama ahamie gesi ya bomba, ila amelinganisha bei ya mita moja ya ujazo na bei ya kilo moja ya mtungi moja kwa moja. Hapo hesabu inapotoka. Gesi ya bomba, yaani gesi asilia ya Mnazi Bay huku Mtwara, karibu yote ni methani, ya mtungi ni propani na butani. Kilo moja ya mtungi ina joto la takriban mita za ujazo 1.3 za gesi ya bomba, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ni kama mita za ujazo 20.

Gawa bei ya kujaza kwa kilo, kisha gawa tena kwa 1.3. Tuseme kilo 15 unajaza kwa 54,000: kilo ni 3,600, ukigawa unapata kama 2,770. Bomba likikuuzia mita moja ya ujazo chini ya hapo, umepata nafuu. Piga hesabu na ya gharama ya kuunganishiwa, wengi huisahau.

Kabla ya hesabu yoyote, pima mtungi wako. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma. Toa huo kwenye uzito wote wa mizani, kinachobaki ndicho gesi. Fanya hivyo dukani, mbele ya muuzaji. Na moto ukififia unapopika maharage muda mrefu kwa mtungi wa kilo 6, huku chuma kimetoa jasho, usikimbilie kusema gesi imekwisha: mtungi umepoa na mgandamizo umeshuka. Funga, uache upate joto la hewa, utaendelea.

Sasa jiko. Hili ndilo linaloharibu watu. Tundu la gesi la jiko la mtungi ni dogo, ukiliunganisha na bomba moto unakuwa hafifu na chai inachelewa. Fundi abadilishe matundu yawe makubwa na aweke regyuleta (kifaa cha kudhibiti mgandamizo) ya gesi asilia. Ukifanya kinyume, jiko la bomba kwenye mtungi, moto unakuwa wa manjano na sufuria zinajaa masizi, na hiyo ni hatari kabisa.

Kutafuta mvujo, viungio vyote vipakwe povu la sabuni, usitumie kiberiti. Gesi ya mtungi ikivuja hutulia sakafuni, methani hupanda juu, kwa hiyo jikoni kwa bomba lazima kuwe na tundu la hewa karibu na dari.