Kapasita ya TV kwenye krosova ya spika za zamani

Umeuliza kama kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme) iliyotolewa kwenye TV inafaa kwenye krosova, yaani saketi inayogawa sauti nene na nyembamba, ya spika zako za zamani. Hapana, usiitie peke yake hiyo ya TV yenye alama ya hasi. Muziki unaofika kwenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ni mkondo geu, na kapasita ya upande mmoja haivumilii kugeuziwa umeme kila mara. Inayotakiwa ni isiyo na hasi wala chanya, maikrofaradi (kipimo cha kapasita) zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, volti zisipungue. Ukiikosa hapa Unguja, chukua mbili zenye hasi, za maikrofaradi 10 kila moja, unganisha hasi kwa hasi. Utapata 5, na pahala pa 4.7 haina neno. Mafundi redio wengi hufanya hivyo.

Kapasita za filamu (za utando wa plastiki) hudumu zaidi ukiweza kuagiza, ila upinzani wake wa ndani ni mdogo, kwa hiyo twita inaweza kuwa kali masikioni. Hapo tia rezista ya nusu omu hadi omu 1 kwa mfuatano na kapasita. Koili, yaani nyaya zilizozungushwa za krosova, ziache. Kwanza lakini ikague ile swichi ya kuzungusha ya kupunguza twita, kama spika zako zinayo: hewa yetu ya chumvi huila, halafu kapasita ndiyo inayolaumiwa bure.