Kazi yetu inahamia India, nisaini barua?

SWALI: Shikamoo anti, mi nipo Sinza, nina miaka 6 kitengo cha IT kampuni moja hapa mjini, juzi bosi katuita akasema sapoti yote inahamia Bangalore na tuwafundishe wale jamaa kwa video kabla hatujaondoka, jana nimekaa masaa 3 namwelekeza kijana wa watu namna ya kuwasha seva niliyoifunga kwa mikono yangu, nimerudi home hata ugali haupandi. Barua ya kuachishwa iko mezani, nisaini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Leo usisaini kitu. Hata Marekani mafundi kompyuta wameshalazimishwa kuwafundisha watu wa kuchukua viti vyao, inauma kwelikweli, ila huyo kijana naye anatafuta riziki usimchukie.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe notisi ya nia ya kupunguza watu, aseme sababu na mjadiliane kwanza, sio kuitwa mkaambiwa tu. Kiinua mgongo ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10, yaani wewe siku 42, hapo bado notisi na likizo ambazo hujaenda. Akikuachisha kinyume na hapo wahi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaosikiliza migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, usisubiri hasira ipoe.

Na wenzako je? Andikeni barua moja msaini wote, halafu kopi ya mkataba na slipu za mshahara ziwe nyumbani, sio kwenye laptopu ya ofisi.