Mwambie aweke taarifa ya habari

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: mtu akienda kununua redio au sabufa ya nyumbani, aangalie nini kwanza? Mimi nasema aangalie sauti ya mtu anayeongea. Besi baadaye.

Hapa Kigoma ukiingia dukani kuulizia sabufa, muuzaji anakuwekea wimbo wenye ngoma nzito, anapandisha mpaka vioo vya kabati vinatetemeka, halafu anakutazama usoni. Mwambie azime. Atafute stesheni, mtangazaji asome habari, sauti iwe ya chini. Sabufa nyingi za bei nafuu zina boksi moja kubwa la besi na vispika vidogo viwili. Vile vidogo havishuki vya kutosha kwenye sauti nzito, na boksi kubwa halipandi kwenye sauti nyembamba. Katikati panabaki pengo, na sehemu ya chini ya sauti ya binadamu, hasa ya mwanamume, iko hapo hapo. Ndiyo maana mtangazaji mwanamume anasikika kama kaingia ndani ya pipa. Bibi yangu huku Ujiji hahitaji besi. Anataka matangazo ya vifo, asikie vizuri jina la marehemu na msiba uko wapi.

Habari ya wati isikuzuge. Katoni imeandikwa PMPO 8,000, yaani wati za kilele zinazotajwa kumvutia mnunuzi. Geuza kifaa nyuma, waya wa umeme unapoingilia, usome kibandiko. Unaweza kukuta kinatumia wati 60. Kimekula sitini, kitatoaje elfu nane? Na hata wati za kweli ukizizidisha mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika kama mara kumi.

Halafu kuna chumba chenyewe, ambacho muuzaji hakitaji kwa sababu hakiuzi. Kuta tupu, sakafu ya saruji, bati bila dari: sauti inagonga na kurudi, maneno yanapandana. Pazia zito, makochi na mkeka mpana vitasaidia kuliko kuongeza spika ya tatu. Boksi la besi usilisukumie kwenye kona, maana kona inaikuza besi mpaka inafunika maneno, na besi ndiyo inayopenya ukutani kwenda kwa jirani. Yeye wimbo hausikii, anasikia dum dum usiku kucha. (Mvua ya Desemba ikishuka juu ya bati, zima tu. Hakuna sabufa ya kushindana nayo.)

Bluetooth, flashi, rimoti, taa za rangi: siku hizi karibu zote zinavyo, visikupotezee muda. Umeme ukiwa wa kupanda na kushuka mtaani kwenu, tenga kwanza hela ya stabilaiza.

Muuzaji akidai redio haishiki mle dukani, nenda na flashi yako yenye mawaidha au mahubiri. Akikataa hata hiyo, duka la jirani liko wazi.