Vifaa vya mitumba vya ubao wa tanga: maswali ya wanaoanza

Maswali mengi tuliyoletewa kuhusu mchezo wa ubao wa tanga, yaani kuteleza majini ukiwa umesimama juu ya ubao huku umeshika tanga, yanaanza na bei. Naomba ruhusa ya kuanza na vipimo, kwa sababu vifaa vilivyokwisha kutumika mara nyingi huuzwa kimoja kimoja, na mnunuzi asiyeuliza vipimo hujikuta na mlingoti usiolifaa tanga lake na tanga lisilomfaa yeye mwenyewe.

Nina uzito wa kilo 75 na ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya mwanzo. Nimepata ubao wa lita 105 ulio katika hali nzuri sana, na muuzaji ananiambia nitauzoea. Niuchukue?

Usiuchukue, hata ukipunguziwa bei. Lita zinazoandikwa kwenye ubao ni ujazo wake, na kwa makadirio kila lita hubeba kilo moja majini. Hebu tujumlishe: wewe kilo 75, ubao wenyewe kilo 7 au 8, tanga pamoja na mlingoti na bumu, yaani ule mshiko mrefu unaolizunguka tanga pande zote mbili, kilo 8 au 9, na nguo zilizolowa kilo 2 hivi. Jumla inakaribia 94, kwa hiyo unabakiwa na akiba ya lita kama 11 tu ya kukuweka juu ya maji unapokuwa umesimama bila mwendo. Ubao wa namna hiyo unamfaa mtu anayejua kuutia mwendo upesi. Anayeanza, ambaye muda wake mwingi hupita akivuta tanga kwa kamba kutoka majini, atauona ukizama upande mmoja na kumwangusha kabla hajalishika bumu.

Mtu wa uzito wako atafute lita 160 hadi 200, upana usiopungua sentimita 75, na ubao wa kati, yaani ule unaoshushwa chini kupitia tundu lililo katikati. Lita na upana haviendi pamoja daima, kwani ubao wa zamani unaweza kuwa na lita nyingi na bado ukawa mwembamba, na upana ndio unaouzuia kuyumba ubavu kwa ubavu. Ubao wa kati nao huzuia chombo kisisukumwe kando na upepo; bila huo, anayeanza hushindwa kupiga bisha, yaani kwenda mshazari kuelekea upepo unakotoka, hadi alikotokea, akaishia kurudi kwa miguu ufukweni huku amebeba vifaa vyake. Kwa maoni yangu, fedha ikiwa haba, sehemu yake kubwa iende kwenye ubao unaokufaa, na tanga liwe la kawaida tu. Ubao wa kujifunzia uliotunzwa hupata mnunuzi mwingine kwa urahisi, maana wanaoanza hawaishi.

Jirani yangu ananipa karibu bure ubao wa miaka ya 1980, wenye urefu unaokaribia mita 3.7, pamoja na kila kitu chake. Je, unafaa kujifunzia?

Unafaa kwa masharti. Mbao za aina hiyo ndizo zilizotumika mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na katika upepo mdogo huteleza vizuri kuliko mbao nyingi za leo. Zile za plastiki nzito huvumilia mikwaruzo na kugongwa kwa miaka mingi. Lakini upana wake kwa kawaida ni sentimita 65 hivi, kwa hiyo huyumba zaidi ya mbao pana zilizoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na uzito wake unaweza kupita kilo 18, jambo utakaloliona wazi ukiubeba kutoka kwenye gari hadi majini. Shida kubwa zaidi ni vipuri. Kiungo cha mlingoti, yaani kile kinachoufunga kwenye ubao, cha enzi hizo mara nyingi hakiingiliani na cha sasa, na bumu lake hufungwa kwa kamba badala ya kubanwa kwa kibanio. Ukiwa umekamilika, na mpira wa kiungo bado ni mzima, upokee na ushukuru. Ukikosa kiungo au ubao wa kati, mwachie jirani.

Nikienda kuukagua ubao, niangalie nini hasa?

Nenda mchana, ukiwa na kitambaa kilicholowa maji na, ikiwezekana, mizani ya nyumbani ya kupimia uzito. Anza na sehemu wanaposimama watu. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, hatua kwa hatua, kuanzia palipo na mlingoti hadi karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma. Mahali pakibonyea na kurudi, gamba la nje limeachana na povu la ndani, na matengenezo ya kasoro hiyo yanaweza kuzidi bei ya ubao wenyewe. Kisha gonga kwa sarafu. Sauti kali na inayofanana kote ni dalili njema, na inapobadilika ghafla ikawa nzito na butu, rudia kubonyeza hapohapo.

Baada ya hapo pitisha kitambaa chenye maji kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, kuzunguka reli ya mlingoti, yaani mfereji ambamo kiungo chake hufungwa, penye skrubu za mikanda ya miguu na pembeni mwa tundu la pezi lililo chini ya ubao, halafu usubiri kidogo. Uso wa ubao utakauka, lakini palipo na ufa patabaki mstari mweusi mwembamba, kwa kuwa maji yamejificha ndani yake. Omo ndilo linaloumia zaidi, kwani anayeanguka mbele huangusha mlingoti juu yake. Kiraka kwenye omo hakinitishi hata kidogo, mradi ni kigumu, kikavu na hakina ufa pembeni. Kinaonyesha tu kwamba mwenye ubao alishughulikia jeraha mapema.

Jipime ukiwa umeubeba ubao, kisha ujipime bila ubao. Tofauti ilinganishwe na uzito uliotajwa na kiwanda, ukikumbuka kwamba pezi na mikanda huongeza kiasi chake. Ukiuzidi kwa kilo 2 au zaidi bila sababu inayoonekana, huenda maji yameingia ndani ya povu, na maji hayo hayatoki kwa kuanikwa siku moja. Mbao nyingi zina skrubu ndogo ya kutolea hewa: ifungue, utazame kama pete yake ya mpira ni nzima na kama kuna unyevu au chembe za chumvi chini yake. Mwisho, shusha na upandishe ubao wa kati mara kadhaa, kwani mchanga ukikwama ndani yake huukaza kabisa. Na muuzaji akikwambia kwamba ubao umetumika mara mbili tu, tazama mahali pa kusimama: ukwaruzo uliowekwa ili miguu isiteleze ukiwa umesuguliwa hadi ukang'aa, mara hizo mbili zilikuwa ndefu sana.

Nimepata tanga zuri la mita za mraba 5.5, lakini halina mlingoti. Je, naweza kununua mlingoti wowote utakaopatikana?

La. Tanga na mlingoti ni vitu viwili vinavyopaswa kuchukuliwa kama mke na mume, na mtu akikuuzia kimoja bila kingine, uwe na vipimo mkononi. Vipimo hivyo huandikwa kwenye tanga lenyewe, kwa kawaida karibu na pembe ya chini. Tuseme lako limeandikwa urefu wa ukingo wa mbele sentimita 436, bumu 172, na mlingoti unaopendekezwa 430. Maana yake ni kwamba mlingoti wa sentimita 430 utahitaji kiungio, yaani kipande kinachochomekwa chini ya mlingoti ili kuurefusha, kinachoongeza sentimita 6, na bumu liweze kurefushwa kufikia 172. Ukiwa na mlingoti wa 400, utahitaji kiungio cha sentimita 36, na hata kikipatikana tanga halitakaa katika umbo lililokusudiwa, kwa sababu mlingoti mfupi hupinda kwa namna nyingine.

Kuna jambo la unene pia. Milingoti ya kawaida hutambulika kwa herufi SDM (kwa Kiingereza “standard diameter mast”) na ile myembamba kwa RDM (“reduced diameter mast”). Tundu la chini la ule wa kawaida lina kipenyo cha milimita 48 hivi na la mwembamba milimita 32, kwa hiyo kiungio cha mmoja hakiingii kwenye mwingine. Mabumu mengi hubana mlingoti mwembamba kwa msaada wa kipande cha plastiki, na kipande hicho ndicho kinachopotea kwanza. Kiulizie kabla ya kulipa. Viwanda navyo havipindishi milingoti kwa namna moja, hivyo chapa moja kwa tanga na mlingoti hupunguza mashaka, ingawa si lazima.

Kuhusu kiasi cha kaboni kilichomo kwenye mlingoti, usishawishike kulipia asilimia 100. Kaboni nyingi hupunguza uzito na kuufanya mlingoti urudi haraka unapopindwa na upepo, faida ambayo anayejifunza haioni, ilhali mlingoti wa namna hiyo, hasa ule mnene, haupendi kugongwa. Asilimia 30 hadi 50 zinatosha. Tenganisha vipande viwili vya mlingoti, uzungushe kila kimoja kwenye mwanga huku ukipitisha kucha juu yake, na ukague zaidi pale vinapoungana na pale bumu linapobana. Mkwaruzo wa juujuu si neno. Ufa unaofuata urefu wa mlingoti, hata uwe mfupi, ni sababu ya kuuacha.

Dirisha la tanga limekuwa na ukungu na lina mpasuko mdogo. Linafaa?

Mpasuko na ukungu ni mambo mawili tofauti. Mpasuko wa urefu wa kidole, kwenye plastiki ambayo bado ni laini, huzibwa kwa utepe maalumu pande zote mbili na tanga likaendelea na kazi. Ukungu unaoambatana na ukavu hutokana na jua, na plastiki iliyokwisha kukaushwa na jua itapasuka upya pembeni mwa kila kiraka. Kunja kidogo pembe ya dirisha: ikitoa sauti ya mkwaruzo na kubaki na mistari myeupe, liache. Matanga yenye nyuzi zilizofumwa ndani ya plastiki huvumilia zaidi, kwa kuwa nyuzi hizo huzuia mpasuko usiendelee. Angalia pia mishono, hasa kwenye ala ambamo mlingoti huingizwa, pamoja na fito zinazolinyoosha tanga na roda ya pembe ya chini inayopitisha kamba.

Vifaa vipi nisinunue vikiwa vimetumika?

Kwanza ni mpira wa kiungo kinachounganisha mlingoti na ubao. Upinde kwa mkono, na ukiona nyufa ndogo kwenye mkunjo, nunua mpya, kwa sababu ukikatika mbali na ufuko, tanga linaachana na ubao na wewe huna chombo. Hakikisha pia kuna mkanda au kamba ya akiba inayoshikilia pande zote mbili endapo mpira utakatika. Pili ni jaketi la kuokoa maisha, ambalo historia yake huwezi kuijua kwa kulitazama. Kamba nazo ni rahisi kiasi kwamba hakuna sababu ya kurithi zilizochakaa. Mkanda wa kiunoni wa kujining'iniza kwenye bumu subiri kwanza. Hautakuwa na kazi mpaka uweze kusimama imara katika upepo wa kutosha.

Mwanangu ana miaka 10 na uzito wa kilo 32. Nimeona tanga la mita za mraba 4 nikafikiri atakua nalo.

Mama, hatakua nalo, atalichukia. Mtoto wa uzito huo aanze na tanga la mita za mraba 2 hadi 2.5, lenye mlingoti mfupi na bumu jembamba ambalo vidole vyake vinaweza kulizunguka. Ubao si tatizo kubwa, anaweza kuanzia kwenye ubao wako mpana. Kinachomshinda mtoto ni kulinyanyua tanga lililojaa maji, kwa hiyo uzito wa tanga zima ndio wa kuuliza kwanza.

Je, ubao wa kujazwa hewa unaweza kutumika?

Unaweza, mradi una tundu la kufungia kiungo cha mlingoti, na una pezi la katikati au ubao wa kati, la sivyo utasukumwa kando tu. Mwombe muuzaji aujaze hadi kiwango kilichoandikwa karibu na vali na auache usiku kucha. Kubadilika kidogo kwa sababu ya baridi ni kawaida, lakini ukikutwa umelegea asubuhi, vali au mshono unavuja. Ule usiofikia ugumu uliotajwa utapinda katikati mara tu utakapoupanda, na tanga litakuvuta kuelekea mbele.

Muuzaji anataka nichukue mzigo wote: mbao mbili, matanga manne, milingoti mitatu. Anasema ukigawanya, kila kimoja ni bei ya kutupa.

Gawanya kwa vile utakavyovitumia, si kwa vyote. Mwombe picha za maandishi ya vipimo kwenye kila tanga, kila mlingoti na kila ubao, uone matanga mangapi kati ya manne yana mlingoti wake. Kwa mtu mzima anayeanza katika upepo wa noti (maili za baharini kwa saa) 6 hadi 12, tanga la mita za mraba 5 hadi 6 na moja dogo zaidi yanatosha kwa muda mrefu. Uliza pia mapezi, kwa kuwa kila aina ya tundu la pezi ina pezi lake, na ubao uliopoteza pezi la aina isiyopatikana hauna thamani unayotajiwa. Ukiona hesabu bado inakubali, mwombe afunge mbele yako tanga kubwa kuliko yote, kisha utazame kama kamba ya chini inavutwa hadi mwisho bila roda ya tanga kugusana na ya kiungio, maana hapo ndipo kiungio kifupi hujulikana.