Silabi kwa mdako na visoda: nilivyofanya darasani kwangu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama michezo inaweza kusaidia kufundisha kusoma na kuandika darasa la kwanza lenye watoto 94 na vitabu haba. Mdau mmoja kakujibu kwamba bila tableti usijisumbue. Ni kweli kule Tanga, kati ya 2017 na 2019, watoto wa vijiji 170 walipewa tableti zenye michezo ya kusoma, lakini mimi sikusubiri. Niliokota visoda baa ya jirani.

Ndani ya kila kisoda niliandika silabi kwa maka peni, nikavimwaga kwenye shimo la mdako. Mtoto anarusha kokoto juu, anachota visoda, anadaka kokoto. Alivyochota aunde neno, kisha aliandike mchangani kwa kijiti. Lisipoandikwa halihesabiwi.

Mwanzoni niliweka silabi zote sawasawa. Watoto wakabaki wameshika "fe" na "zo", hawana pa kuzipeleka. Sasa ma, ka, ta, la na li naziweka tatu tatu. Ng'o, nywa na mbwe zina alama mbili. (Kuna silabi mbili usiziweke shimo moja, zikiungana ni tusi. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anazijua.)

Nilipoharibu zaidi ni kwenye alama. Nilibandika ukutani majina na nyota, nikidhani natia hamasa. Wiki ya tatu wale wale watano wako juu, na binti mmoja wa mkiani kila zamu yake ikikaribia anaomba kwenda chooni. Nikaing'oa ile karatasi. Siku hizi alama ni za kundi, na kunong'onezana ruksa. Siku moja mtoto kapanga "ku-ra" akisema kapata "kula", kundi la pili likapiga kelele, "Hiyo ya uchaguzi!" Walibishana dakika tano juu ya r na l, kitu ambacho nilikuwa nakirudia ubaoni tangu Januari bila mafanikio.

Ila daftari usiliache. Waliozoea visoda huandika "mamaanapikawali" kwa mkupuo, maana shimo halina nafasi kati ya maneno. Na kijiti hakimfundishi mtu kushika penseli. Mimi ni dakika 15 mwisho wa kipindi, Jumatatu na Alhamisi tu.

Na visoda visugue kingo kwenye sakafu kwanza. Vya kwangu vya mwanzo vilimkata mtoto kidole. Kesho yake mama yake alifika shuleni na kisoda chenyewe mkononi, kimeandikwa "pa".