Kupima athari za rufaa za tenda za jeshi: anzia kwenye faili

Ukikabidhiwa kazi ya kupima jinsi rufaa za wazabuni zinavyochelewesha ununuzi wa jeshi, kwanza tenganisha tenda zako. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya 2015 kinavipa vyombo vya usalama orodha mbili za ununuzi: ya wazi, na ile yenye mipaka. Mahema na silaha haviingii kwenye wastani mmoja.

Halafu siku. Mzabuni ana siku 14 za kupeleka ombi la mapitio kwa Bodi inayosikiliza malalamiko ya tenda, nayo Bodi ina 21 za kuamua. Asiyeridhika ana 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina 45. Kisha kuna 7 za kukata rufaa, na 45 za Mahakama ya Rufani. Wengi walio wageni kwenye kazi hii hujumlisha zote, wakapata 146, na kumtwika mlalamikaji. Si haki. Zile 14 za kwanza zingepita hata kama hakuna aliyelalamika, maana mkataba hauruhusiwi kutiwa sahihi kabla hazijaisha. Kikomo cha kweli ni 132, na kesi inayoishia kwenye Bodi ni 21 tu.

Pale penye miezi iliyopotea, mara nyingi utaikuta nje ya kesi. Angalia tarehe ya mwisho ya uhalali wa zabuni, yaani muda ambao mzabuni bado anafungwa na ofa yake. Sheria inaruhusu kuuongeza mara moja, kwa siku zisizozidi 30. Ukiisha, tenda inatangazwa upya, na muda wote huo ripoti za haraka huandika “rufaa”. Marekani walionja hili kwenye ndege za kujazia mafuta angani: Boeing ililalamika Machi 2008 baada ya kushindwa, ofisi ya GAO inayosikiliza malalamiko ya tenda huko, yenye siku 100 za kuamua, ikakubaliana nayo Juni mwaka huohuo, lakini mkataba mpya ulitolewa 2011. Kesi ilikula miezi mitatu. Mingine yote ilikwenda kwenye kurudia shindano.

Usihesabu ushindi wa hukumu peke yake. Kuna malalamiko yanayoondolewa kwa sababu mnunuzi ameona kosa na kulirekebisha mwenyewe. Kwenye rejista yataonekana kama yaliyoanguka, kumbe yalifua dafu.

Sasa fungua faili, utoe barua walizopelekewa walioshindwa. Kifungu cha 87 kinataka waarifiwe wakati mmoja na mshindi, na waambiwe sababu. “Hamkukidhi vigezo vya kiufundi” ni sababu ya jina tu. Inamwacha mtu akikisia, naye huenda Bodi kutafuta jibu. Linganisha na hii: “Tulitaka kitambaa cha hema cha gramu 450 kwa mita ya mraba, sampuli yenu ilipimwa 380.” Hapo mwenye sampuli anajua kama ana kesi au hana. Kwa hiyo kwenye jedwali lako weka safu ya aina ya barua kando ya safu ya siku, na ujaze hiyo ya barua kwanza.