Jibu: Kwa nini Bagrati iliondolewa kwenye Urithi wa Dunia

Ndugu, umeuliza inakuwaje Kanisa Kuu la Bagrati, pale Kutaisi nchini Georgia, liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO likiwa gofu, kisha likaondolewa baada ya kupata kuba na paa. Kilichothaminiwa ni gofu lenyewe.

Kanisa hili la Kiorthodoksi lilijengwa enzi za Mfalme Bagrat wa Tatu, aliyeiunganisha Georgia. Maandishi ya ukutani yanaeleza kuwa sakafu iliwekwa mwaka 1003. Mwaka 1692 wanajeshi wa Dola ya Uthmaniya walililipua, kuba na paa vikaporomoka, na kwa karne tatu likabaki kuta na nguzo zilizovunjika. Mwaka 1994 UNESCO ililisajili pamoja na monasteri ya Gelati.

Serikali ikaamua kulijenga upya. Mwaka 2010 likatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, lakini ujenzi ukaendelea hadi 2012, ukiacha hata sehemu ya chuma na kioo ubavuni. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kufanya kazi isiyoweza kutenduliwa: huwezi tena kutoa kipya bila kuumiza cha kale. Mwaka 2017 Bagrati ikatolewa, Gelati ikabaki.

Waumini waliotaka kusali chini ya paa nawaelewa kabisa. Hilo ni kanisa, si makumbusho. Ila kuta zingeweza kuimarishwa, na ibada ikaendelea humo humo, bila kubuni upya juu yake.